Kinachotoka ni cha Fundi

Shemeji yangu alikuwa na lori moja tu duniani, na mimi ndiye niliyelikata. Nalisema mapema ili msikilizaji asidhani nitamzungusha. Shule niliacha darasa la tatu, Tanga. Yaliyobaki nimeyasoma nikiwa chali chini ya magari, mafuta yakinidondokea usoni. Na nimesoma vizuri. Leteni injini yoyote ya dizeli hapa Joburg, nitawaambia inaumwa nini kabla hamjafungua boneti. Sijisifu. Wanaonijua wanajua.

Gereji yangu iko nyuma ya maghala, njia ya kwenda Midrand. Nilianza na boksi la spana na turubai. Leo nina ukuta wa matofali, paa la bati, na kibao. Kibao hicho alikiandika shemeji kwa mkono wake, herufi nyekundu: BREKI, DIZELI, EKZOSI. Yeye alisoma mpaka sekondari kwao Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kabla vita havijawatawanya. Mimi kalamu ni nzito mkononi, naweza kuandika jina langu kama nikipewa nafasi. Basi karatasi zangu zote alikuwa akiziandika yeye: risiti, barua za mwenye jengo, fomu za uhamiaji. Alikuwa akija Jumapili, anakaa mezani kwetu Berea, dada yake anampa chai ya maziwa, naye ananiandikia.

Dada yake ndiye mke wangu. Na huyo bwana alikuwa akiniita muramu, maana ndivyo kwao wanavyomwita shemeji. "Muramu, toa karatasi." "Muramu, hapa weka sahihi, usiandike hadithi." Sauti yake ilikuwa ya kucheka hata asipocheka.

Sasa niseme habari ya sega.

Haya malori ya dizeli yaliyotoka Ulaya na miaka yake mgongoni yana kopo la chuma kwenye ekzosi, kubwa kama mtungi wa gesi. Ndani yake mna kitu cha kijivu chenye matundu madogo madogo, kama sega la nyuki. Kazi yake ni kushika masizi yasitoke hewani. Likijaa, lori likikimbia muda mrefu sega linajichoma lenyewe, masizi yanaungua, mambo yanaendelea. Hapa kwa dizeli safi linaweza. Lakini lori lililovuka Limpopo, likapita Zimbabwe na Zambia mpaka Lubumbashi, linakunywa dizeli ya kila kituo, nyingine imetoka kwenye madumu. Sega linaziba. Taa inawaka. Lori linakosa nguvu, linapanda kilima kama bibi mwenye magoti mabovu. Na sega jipya linauzwa bei ya kumtia mtu kichaa.

Sisi mafundi dawa yetu ilikuwa moja. Unalikata kopo kwa grenda upande wa juu, jicho lisipofika. Unatoa sega. Unalichomelea tena kopo, unalipaka rangi ya fedha, unalinyunyizia vumbi lifanane na safari. Ile rangi haitoki kwenye kucha wiki nzima, hata ukisugua kwa petroli. Halafu anakuja Mkongo mmoja na kompyuta yake, anaidanganya kompyuta ya lori kwamba sega lipo. Nje kopo ni lile lile. Ndani ni upepo.

Ni kosa, si kosa? Watu waliniuliza. Binti yangu, mzaliwa wa hapa, anasikia Kiswahili lakini anajibu kwa Kizulu, aliwahi kunisomea kwenye simu yake. Alisema kila nchi na lake. Kuna nchi ukiligusa tu sega umevunja sheria. Kuna nchi wanaangalia moshi tu, kopo hawana habari nalo. Kuna nchi hakuna aliyeandika chochote. Nikamuuliza, na hapa kwetu? Akasoma, akarudia kusoma, akaniambia nikamuulize mwanasheria. Nilicheka sana. Mwanasheria! Mimi sheria niliijua kwa macho: ni yule polisi aliyesimama barabarani. Asichokiuliza yeye, hakipo. Ukivuka daraja la mpakani, na sheria inabadilika kama pesa zinavyobadilika. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watu, na watu waliniamini, kwa sababu malori yao yalipanda milima.

Katika kazi hiyo tulikuwa na desturi. Sega linalotoka ni la fundi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanalitaka, wanasema mna madini ya thamani ndani, na wewe fundi unapunguza ujira kidogo kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeiandika, lakini kila gereji njia ile iliifuata. Kinachotoka ni cha fundi.

Desturi ya pili ilikuwa jibu. Kila mteja aliondoka na jibu: ukiulizwa, sema ulilinunua hivyo hivyo. Nani atabisha? Lori limepita mikono mitano kabla yako, limetoka Ulaya, limepanda meli. Ulilinunua hivyo.

Shemeji alikuja na lori lake asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya Joburg inayokausha midomo. Lilikuwa limezimika mara mbili akitoka Ndola. Alikuwa na mkataba na kampuni moja ya mizigo pale Midrand, wanampa tela lenye mali, yeye analivuta kwenda kaskazini. Mkataba huo ndio uliokuwa ukilisha watoto wake watatu na mama yake mzee aliyebaki kambini Tanzania. Safari nyingine ilikuwa siku tatu mbele.

Nikaingia chini ya lori. Nikatoka.

"Sega limekufa," nikamwambia.

"Eish. Muramu, hakuna kulisafisha?"

"Nimelisafisha mara ngapi? Hili sasa ni maiti, na maiti haisafishwi, inazikwa."

"Na sheria je?"

"Sheria iko wapi? Mzimbabwe atakuuliza sega? Mzambia atakuuliza sega? Mkongo atakuuliza sigara."

Akacheka. Lakini hakuacha. Alikuwa mtu wa kuuliza mpaka mwisho, ndiyo shida ya waliosoma.

"Na hapa?"

"Hapa wanaangalia tairi, taa na leseni yako. Moshi mweusi hutatoa, nitakurekebishia. Nani atakata kopo aone ndani?"

Akalizunguka lori lake. Akalipigapiga mlango kama mtu anayempapasa ng'ombe. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikishika grenda.

"Basi sega lenyewe nipe, nikalihifadhi. Huwezi kujua, muramu. Labda siku moja atapatikana wa kulifufua."

"Utaliweka wapi? Mnalala watano chumba kimoja. Utaliweka juu ya kabati, pamoja na msahafu?"

"Hata chini ya kitanda."

"Wewe," nikasema, "umekuja kutengenezewa au kunifundisha? Kinachotoka ni cha fundi."

Nilisema kwa mzaha, lakini sikuwa na mzaha. Mafundi wenzangu wawili walikuwa wamesimama pale, sikutaka waone natoa sega kwa sababu ya ushemeji. Naye hakubisha tena. Mimi ni mkubwa, na nimemwoa dada yake. Akavaa ovaroli akanisaidia kushika taa. Tulipomaliza nikampa jibu kama nilivyompa kila mtu, akalirudia kwa sauti ya mtoto wa chuo akisomeshwa: "Nililinunua hivi. Nililinunua hivi." Tukacheka wote. Lori likawaka kama jipya. Akaenda Lubumbashi, akarudi, akaenda tena. Sega niliuza wiki ile ile.

Kisha kampuni ikapata mteja mpya, mteja wa ng'ambo, akitaka kila lori linalobeba mali yake liwe kama lilivyotoka kiwandani. Wakaanza kukagua. Waliingiza waya wenye kamera kwenye ekzosi, wakaona upepo wangu. Si lori la shemeji peke yake. Malori sita, na yote sita yalipita mikononi mwangu. Wenye malori wakaitwa ofisini, kila mmoja aje na fundi wake kama anaye. Shemeji akaniomba niende. Nikavaa koti langu la Idi.

Kulikuwa na benchi kwenye korido, tukakaa. Wale watano wengine walinisalimu kwa heshima zote, wateja wangu hao. Aliyeitwa kwanza ni shemeji, kwa sababu tulifika mapema, na tulifika mapema kwa sababu mimi sichelewi. Mlango waliuacha wazi.

Ndani alikuwapo mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Hakuwa mkali. Aliuliza polepole ili Kiingereza kisitupige chenga.

"Chujio la lori lako liko wapi?"

Shemeji alikaa wima. "Nililinunua hivi, mama."

"Ulilinunua bila chujio?"

"Ndiyo, mama. Nililinunua hivi."

Yule mama akavaa miwani. Akageuza kompyuta yake tuione. Ilikuwa picha ya ndani ya ekzosi, matundu madogo madogo, sega zima kabisa. Akasema hii ni picha tuliyoipiga siku lori lako lilipoandikishwa hapa kwetu. Namba ya lori ilikuwa pale chini.

Shemeji hakugeuka kunitazama. Angeweza kunitazama, akatazama viatu vyake. Yule mama ndiye aliyenigeukia.

"Baba, wewe ndiye fundi wake?"

Hapo ndipo. Nimeurudia mwendo ule mara nyingi kichwani. Mlango wazi, watano kwenye benchi, masikio yamesimama. Kibao changu. Miaka yote ya chali. Nikikubali hili moja nimekubali sita, na jioni hakuna atakayeniletea hata baiskeli. Hivyo nilifikiri. Nilifikiri haraka sana, injini yangu haikuwahi kuwaka haraka hivyo.

"Mimi namtengenezea breki," nikasema. "Breki tu."

Yule mama alinitazama, akaitazama mikono yangu niliyoiweka magotini, akanitazama tena. Kisha akamwambia shemeji hawamwondoi kwa sababu ya chujio. Chujio ni chuma, kinarudishwa. "Lakini mali ya watu," akasema, "siwezi kumpa mtu anayenitazama usoni akasema jambo ambalo silo." Akamtakia heri.

Wale watano walioingia baada yake wote walisema kweli. Walikuwa wameyasikia yote kutoka kwenye benchi. Wakapewa mwezi mmoja warudishe masega. Na walirudi kwangu niwafungie. Niliwafungia mmoja mmoja, kazi safi, na walinisifu.

Garini, siku ile tukirudi, tulisimama kwenye robot pale karibu na daraja. Taa ilikuwa nyekundu. Shemeji akasema, bila hasira:

"Breki tu, muramu?"

Taa ikawa kijani, nikaondoka.

Mke wangu alikuwa akichambua mchele tulipoingia. Kaka yake alimsimulia kwa Kirundi, kwa hiyo sikujua amelisimulia vipi, lakini nilimwona mke wangu mkono umesimama kwenye ungo. Shemeji alipoondoka, nilimwambia ni desturi ya kazi, yeye haijui, kinachotoka ni cha fundi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hata mchinjaji wa Idi hapewi ngozi kuwa ujira wake," akasema. "Hiyo unaijua. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akaendelea na mchele. Mke wangu ni mtu wa maneno machache na hajawahi kulirudia neno hilo. Ningefurahi angelirudia. Ningepata la kumjibu.

Lori bila mkataba ni chuma kinachokula. Shemeji alihangaika na mizigo ya hapa na pale, samani za watu wanaohama, matofali, kabeji za sokoni. Siku moja akaniletea breki kweli, zimekwisha. Nilizifunga bila ujira. Alisema asante, akaniandikia risiti ya sifuri. Alisema mambo yaandikwe. Baada ya hapo hakuja tena Jumapili. Nikasikia kwa dada yake kwamba lori limepata mnunuzi, mtu wa Zambia. Aliliendesha mwenyewe mpaka mpakani akalikabidhi, akarudi kwa basi. Dada yake aliniambia pia kwamba ufunguo wa akiba aliusahau mfukoni, akauona akiwa amekwisha kufika Joburg.

Mimi si mtu wa kukaa nimekunja mikono. Nilikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu nikamwuliza habari ya sega. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, hilo limesagwa unga zamani. Ulidhani nalitunza?" Nikatafuta jingine, nikalipata kwenye lori lililogongwa nyuma, lori la aina ile ile, sega zima. Nikaling'oa kwa mikono yangu. Liko gereji mpaka sasa, nimelifunika kwa gunia. Wenzangu wakiniuliza nasema ni la mtu.

Kisha nikaenda Midrand. Peke yangu, koti lile lile. Nilikaa kwenye benchi mpaka yule mama akaniita. Nikamwambia: mimi ndiye niliyelikata. Mimi ndiye niliyelitoa, mimi ndiye niliyeuza, na lile jibu alilokupa ni langu. Yeye alitaka kulihifadhi, mimi nikamkatalia. Kiingereza changu ni cha spana, lakini siku hiyo kilitosha.

Akavua miwani.

"Baba, siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza nikijua. Kucha zako zilikuwa na rangi ya fedha. Breki hazipakwi rangi ya fedha." Akaikunja miwani. "Nilitaka useme wewe, ili nipate njia ya kumsamehe yeye."

Nikamwuliza kama njia hiyo bado ipo. Akabonyeza kompyuta yake, labda kwa kunistahi tu, akasema mkataba ulikuwa wa lori. Lori lile limekwisha kuandikwa nchi nyingine, kwa mtu mwingine. Ana lori jingine? Nikasema hana. Akanisindikiza mpaka mlangoni, na mlango ule safari hii ulikuwa umefungwa.

Nikacheka peke yangu njiani. Huko Zambia liliko, kopo tupu, hakuna anayeuliza. Angalau nilisema kweli kuhusu nchi za watu.

Shemeji sasa ni mlinzi wa jengo moja la ghorofa Hillbrow. Anakaa kwenye kibanda cha kioo mlangoni, zamu ya mchana, na daftari la wageni mbele yake. Mke wangu humpelekea chakula Jumamosi. Wiki moja magoti yalimshika, akanipa mimi hotipoti: wali, maharage na ndizi za kupika za Kirundi. Nami nikajua magoti yake si mabaya kiasi hicho.

Nilifika mvua ikinyesha. Watu wa jengo walikuwa wakiingia na mifuko yao, wengine wanafoka kuhusu lifti. Yeye kavaa sare ya bluu, imempwaya mabegani. Aliniona tangu nje. Akasimama, maana malezi yake ni mazuri.

"Shikamoo, mzee."

Mzee. Hivyo ndivyo wanavyomwita kila mwenye mvi anayepita mlango ule.

"Marahaba. Dada yako kakuletea."

"Ahsante. Ingia ndani, usilowe. Lakini ukiingia ni sharti uandike, mzee. Kuna kamera."

Akaligeuza daftari upande wangu, akaniwekea kalamu juu yake. Nilisubiri. Miaka yote ile, kalamu ikitua mbele yangu, mkono wake ulikuwa ukija kuichukua. Haukuja. Nikaishika. Nikaandika jina langu, herufi moja baada ya nyingine, na nyuma yangu mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasonya. Hakuna aliyeniharakisha zaidi ya hapo. Shemeji alikuwa ameshika hotipoti kwa mikono miwili, anaangalia mvua.

"Nilikwenda Midrand," nikasema bila kuinua kichwa. "Nimemwambia yule mama kila kitu."

"Nimesikia. Dada aliniambia."

"Lipo sega gereji. Zima. Nimekuwekea."

Akafikiri. Nafikiri alikuwa akitafuta neno lisiloniumiza, maana ndivyo alivyo.

"La lori gani, mzee?"

Nikarudi kwenye daftari. Nilikuwa nimefika kwenye safu ya pili, ile ya kuandika unamtembelea nani na ni nani wako. Nililijua neno, lakini sikujua linaanzaje, na kalamu ikabaki juu ya karatasi. Akaona. Akaweka chini hotipoti, akainama, akanionyesha kwa kidole.

"Hapo acha wazi," akasema. "Weka sahihi tu."

Nikaweka sahihi.